Kompyuta ilikuwa inasema, sisi ndio tuliiziba mdomo

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa kwa sababu ya kazi, na stima ya hapa Huruma nayo mnaijua wenyewe. Leo sina somo la Python wala habari za simu mpya. Leo nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na ninyi wenzangu mnaoandika programu.

Majuzi tukiwa kwenye mkutano wa mradi fulani (mwenye mradi nitamsitiri) niliuliza kama tovuti tunayoijenga itaweza kutumiwa na mtu asiyeona. Nikajibiwa hivi: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi bado tunatafuta wateja, hao vipofu tutawafikiria kwenye toleo la pili. Watu wakacheka kidogo, mkutano ukaendelea.

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara linatolewa na mtu mwenye shahada kama yangu. Linajengwa juu ya dhana moja: kwamba kompyuta ilizaliwa ikiwa kitu cha macho, halafu wasioona wakaja baadaye kuomba wasogezewe kiti. Historia inasema kinyume kabisa. Ngoja niwasimulie, kisha tupimane nguvu kwa hoja.

HERUFI 2,000

Skrini ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa jedwali tu. Mistari 25, kila mstari nafasi 80. Zidisha upate nafasi 2,000. Kila nafasi ilikuwa na baiti mbili kwenye kumbukumbu ya mashine: moja ya herufi yenyewe, nyingine ya rangi yake. Yaani kila kilichoonekana kwenye kioo kilikuwa baiti 4,000 zilizopangwa foleni mahali panapojulikana. Kwa skrini za rangi foleni hiyo ilianzia anwani B800, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angeweza kuisoma.

Hapo ndipo kisoma skrini kilipozaliwa. Kilikuwa programu ndogo iliyojibanza kwenye kumbukumbu huku programu nyingine zikiendelea na shughuli zake. Mtumiaji akibonyeza kitufe fulani, programu hiyo inaidaka ishara, inakwenda kwenye ile foleni, inachukua mstari unaotakiwa na kuupeleka kwenye kifaa cha kutamka kilichounganishwa kwa waya nyuma ya kompyuta. Vifaa hivyo vilikuwa kama vya kampuni ya Votrax, na baadaye DECtalk iliyotokana na kazi ya Dennis Klatt wa MIT. Sauti ilikuwa ya bati, lakini ilisema kilichokuwapo. Haikubahatisha. Herufi ilikuwa herufi.

Na nani aliyeyafanya haya? Sikilizeni vizuri maana hapa ndipo ile hadithi ya “msaada kwa vipofu” inapokufa. Pale IBM alikuwapo mwanahisabati Jim Thatcher. Mwalimu aliyemsimamia tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Michigan, Jesse Wright, alikuwa haoni, na wote wawili walijiunga na kitengo cha utafiti cha IBM mwaka 1963. Walipoanza kutumia kompyuta ndogo za mezani, walihitaji kitu kitakachomwezesha Wright kufanya kazi yake. Mwaka 1986 IBM ikatoa kitu hicho kikiitwa Screen Reader, kikiwa na kibodi yake ya pembeni yenye vitufe 18 ili kisigongane na vitufe vya kawaida. Jina la bidhaa hiyo moja ndilo Waingereza na Wamarekani wanaloziitia programu zote za aina hii mpaka leo.

Mwingine ni Ted Henter. Huyu alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki. Mwaka 1978 alipata ajali ya gari akapoteza uwezo wa kuona. Akasomea uandishi wa programu, na mwaka 1987 akaanzisha kampuni pamoja na Bill Joyce. Mwaka 1989 wakatoa JAWS ya DOS. Jina hilo ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuifikia kazi kwa njia ya usemi. (Ni utani pia: soko hilo tayari lilikuwa na programu iliyoitwa Flipper, jina la pomboo wa televisheni, basi hawa wakachukua jina la papa wa sinema!)

Umeliona neno la kwanza? KAZI. Si sadaka, si huruma (nasema hivyo nikiwa mkazi wa Huruma). Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hawa waliokuwa kaburini ndio waliochimba njia ya kutokea. Walikuwa wanahisabati na waandishi wa programu waliotaka kwenda ofisini Jumatatu asubuhi kama wewe.

HALAFU ZIKAJA PICHA

Mwaka 1984 Apple ilitoa Macintosh. Mwaka 1990 Microsoft ikatoa Windows 3.0 na ofisi za dunia zikaanza kuhama. Ile foleni ya herufi 2,000 ikatoweka. Mahali pake pakawa na nukta za rangi. Kwenye kumbukumbu ya kompyuta herufi “A” haikuwa tena “A”, bali vidoadoa vyeusi vilivyokaa kwa umbo fulani. Karani au mwandishi wa programu asiyeona, aliyekuwa anachapa kazi sawa na jirani yake kwenye DOS, alijikuta mbele ya mashine bubu. Watu walihofia kazi zao, na walikuwa na haki ya kuhofia.

Tafadhali tulieni hapo kidogo. Hakuna kilichobadilika kwenye macho ya mtu huyo. Alikuwa haoni mwaka 1988 na alikuwa haoni mwaka 1991. Mwaka 1988 alifanya kazi, mwaka 1991 alikwama. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu kama mimi na wewe, walioketi mezani wakachora kitu kizuri bila kuacha maandishi nyuma yake.

Kurudisha sauti ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ilitoa outSPOKEN kwa ajili ya Macintosh. Mbinu iliyotumika wakati huo, na baadaye kwenye Windows, ilikuwa kuvizia. Kisoma skrini kilidaka kila amri ya kuchora maandishi kabla hayajageuka nukta, kikajiandikia daftari lake la siri: hapa pana neno hili, pale pana lile. Dirisha likisogezwa, daftari linasahihishwa. Programu ikichora kwa njia yake ya kipekee, daftari linaharibika na mtumiaji anasomewa upuuzi. JAWS ya Windows ilitoka Januari 1995, takriban miaka mitano baada ya Windows 3.0. Mwaka 1997 ndipo Microsoft ilipoleta njia rasmi ya programu kujieleza yenyewe: mimi ni kitufe, jina langu ni hili, hali yangu ni hii.

Jina, aina, hali. Mambo matatu tu. Ndiyo hayo hayo tunayodaiwa mpaka leo, na ndiyo hayo hayo tunayokataa kulipa.

DAKIKA 40

Hapa kwetu kulikuwa na ukuta mwingine: bei. Katika miaka ya 2000 JAWS ya kawaida iliuzwa dola 895, na ile ya kitaalamu dola 1,095. Kwa shilingi za wakati huo, dola ikiwa karibu na shilingi 75, ile ya rahisi ilikuwa zaidi ya shilingi 67,000, yaani ghali kuliko kompyuta nyingi zilizokuwa zikiuzwa mjini Eldoret. Asiye na leseni aliruhusiwa kuitumia kwa dakika 40, kisha lazima azime kompyuta na kuiwasha upya. Fikiria unaandika tasnifu kwa vipande vya dakika 40! Fikiria unajaza fomu ya chuo na saa inakukimbiza!

Ukuta huo ulibomolewa na kijana mmoja asiyeona huko Australia, Michael Curran. Mwaka 2006 alianza kuandika NVDA, kisoma skrini cha Windows, kwa Python, akakitoa bure pamoja na msimbo wake. Rafiki yake James Teh, naye haoni, akaungana naye. Mwaka 2009 Apple iliweka VoiceOver ndani ya iPhone bila malipo ya ziada, na mwaka huo huo Android ikapata TalkBack. Leo simu ya bei ndogo inayouzwa madukani mjini inaweza kusema bila kuongezewa hata senti moja.

Kwa hiyo msiniambie kuhusu gharama. Vijana wasioona walishalipa gharama hiyo kwa jasho lao, wakatupa bure.

KISWAHILI KILIKUWA RAHISI TANGU MWANZO

Nasikia na hii: “Lakini mashine hazijui Kiswahili.” Hapa ndipo napandwa na hasira.

Mwaka 1976 watafiti wa maabara ya jeshi la majini la Marekani walichapisha kanuni za kugeuza herufi za Kiingereza ziwe sauti. Zilifika kanuni 329, na bado zilikosea takriban neno moja katika kila maneno kumi. Si ajabu, Kiingereza huandikwa hivi na kutamkwa vile. Kiswahili je? Irabu tano, kila moja na sauti yake. Mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache kama lazima, na lile barabara linalobadili maana ukihamisha mkazo. Kanuni za kutamka Kiswahili zinaenea kwenye ukurasa wa daftari la shule ya msingi. Kama kuna lugha iliyoumbwa kwa ajili ya mashine za kusema, ni hii yetu.

Na watu walishafanya. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa Interspeech mjini Lisbon, watafiti akiwemo Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi walieleza mfumo wa kutamka Kiswahili walioujenga juu ya Festival, programu huria iliyotoka Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 2005! NVDA ilikuwa haijazaliwa. Programu huria ya eSpeak ya Mwingereza Jonathan Duddington nayo ina Kiswahili, na mrithi wake, eSpeak NG, huja ndani ya NVDA. Google ina sauti ya Kiswahili kwenye Android. Microsoft inazo za Kenya, Zuri na Rafiki, na za Tanzania, Rehema na Daudi.

Sauti zipo. Sasa fungua tovuti ya Kiswahili uipendayo, tazama msimbo wake, mstari wa pili au wa tatu. Mara nyingi utakuta lang="en". Mwenye tovuti alinakili kiolezo cha Kiingereza, akatafsiri kila neno linaloonekana, akaacha lile moja lisiloonekana. Kisoma skrini kinaamini kilichoambiwa. Kinakisoma Kiswahili chako kwa kinywa cha Kiingereza: “lipa” inakuwa laipa, “wake” inakuwa weik, “pole” inakuwa poul, na “dude” inageuka dyuud. Ukurasa mzima unasikika kama mtalii aliyelewa.

Dawa yake ni kufuta “en” na kuandika “sw”. Herufi mbili. Kama huwezi kubadilisha herufi mbili kwa ajili ya lugha ya mama yako, basi usinihubirie kuhusu kukuza Kiswahili mtandaoni.

SIRI YA MTU

Mnadhani nalalamika kuhusu usumbufu? Hapana. Nalalamika kuhusu siri na pesa za watu.

Hapa Huruma, kama ilivyo mitaani kote Kenya, mtu akishindwa na fomu ya mtandaoni huenda saiba. Anayeona huenda kwa hiari yake, na akitaka anachukua kibodi mwenyewe. Asiyeona akikutana na fomu yenye visanduku visivyo na majina hana la kufanya. Anasomewa “andika hapa, andika hapa, andika hapa”. Andika nini? Jina? Namba ya kitambulisho? Nywila? Basi anamwita mtu. Anamtajia namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, wakati mwingine na nywila yenyewe, kwa sauti, ndani ya chumba chenye watu kumi. Kwenye simu mambo ni yale yale. Vitufe vya programu vikiwa picha tupu, anampa jirani simu pamoja na PIN, kisha anamwomba Mungu.

Jirani akiwa mwaminifu, mtu huyu amepoteza heshima tu. Asipokuwa mwaminifu, amepoteza na akiba. Na anayepaswa kulaumiwa kwanza ni yule mwandishi wa programu aliyeona kuandika jina la kitufe ni kazi nyingi.

HOJA ZENU, MOJA BAADA YA NYINGINE

“Ni wachache.” Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 333,520 wenye ulemavu wa kuona nchini Kenya. Sensa hiyo hiyo iliipa Eldoret watu takriban 475,000. Yaani unaniambia kwamba zaidi ya theluthi mbili ya mji huu ni watu wachache? Mbona mkitafuta wateja kwenye kata moja ya Huruma mnachapisha vipeperushi?

“Hawatumii kompyuta.” Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu Thika mwaka 1946. Tangu mwaka 2009 shirika la inABLE la Irene Mbari-Kirika limekuwa likijenga maabara za kompyuta kwa wanafunzi wasioona, likianzia hapo hapo Thika. Watoto waliojifunza kwenye maabara hizo za kwanza leo ni watu wazima. Wanatafuta kazi kwenye tovuti mlizozijenga ninyi.

“Ni mambo ya Wazungu.” Natamani ingekuwa kweli! Shirika la WebAIM lilipokagua kurasa za mbele za tovuti milioni moja mwaka 2024, asilimia 95.9 zilikuwa na makosa yanayotambulika kwa mashine peke yake. Wazungu wenyewe hawafanyi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, ndiyo inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari kwa kiasi kinachofaa, na haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Sheria ya watu wenye ulemavu tulikuwa nayo tangu 2003, na mwaka 2025 ikaja mpya. Mwaka 2022 Kenya ilipata kiwango chake cha TEHAMA kuhusu jambo hili, KS 2952. Hayo yote yamepitishwa Nairobi, si Brussels.

“Akili bandia itamaliza shida hiyo.” Hii ndiyo hoja mpya, na inavutia kwa sababu ina chembe ya ukweli. Simu za leo zinaweza kuitazama picha na kuieleza, na wasioona wengi wanafurahia hilo. Lakini kumbukeni lile daftari la siri la miaka ya 1990. Lilikuwa ubahatishaji wa hali ya juu uliotokana na uvivu wa walioandika programu, na lilivunjika kila toleo jipya lilipotoka. Leo mnataka turudi kule kule, mashine ibahatishe kama kitufe kinasema “Lipa” au “Futa”, ilhali wewe uliyekiweka unajua jibu. Kubahatisha picha ya mandhari ni sawa. Kubahatisha kitufe cha pesa ni wizi unaosubiri siku yake.

“Toleo la pili.” Kaka, dada, toleo la pili halijawahi kuja. Mnajua na mimi najua.

FANYENI HIVI LEO USIKU

Sitaki mnipigie makofi, nataka mfanye kazi ya nusu saa:

1. Pakueni NVDA, ni bure. Chomoeni kipanya, punguzeni mwanga wa skrini mpaka iwe giza, kisha jaribuni kujiandikisha kwenye tovuti yenu wenyewe. (Stima ikipotea mnaweza kufanya zoezi hili kwa laptopu na kuokoa betri.)

2. Kama ni programu ya simu, washeni TalkBack na jaribuni kutuma shilingi kumi.

3. Kila kisanduku cha fomu kipeni tagi ya label. Kila picha yenye maana ipeni maneno ya alt. Kitufe kiwe button kweli, si div iliyopakwa rangi.

4. Andikeni lang="sw" kwenye kurasa za Kiswahili.

5. Mkipata kazi ya kulipwa, mtafuteni mtu asiyeona aijaribu, na MLIPENI. Utaalamu wake ni utaalamu kama wenu.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wazee. Kompyuta haina macho. Inabidi iambiwe, na wa kuiambia ni wewe uliyeshika kibodi. Mwaka 1986 iliweza kusema ikiwa na baiti 4,000. Yako ya leo ina gigabaiti nane na inasema “kitufe, kitufe, kitufe”.

Mkishafanya zoezi, njooni kwenye maoni hapo chini mseme mlifika hatua ya ngapi kabla ya kukwama. Anayebisha naye anakaribishwa, mradi awe amejaribu kwanza. Na kama wewe msomaji huoni na unatumia kisoma skrini, niandikie ni tovuti gani za Kiswahili zinazokutesa zaidi, ili tuanze nazo.

Tuko pamoja.